Sauti ya Kuazima: Lugha ya Ishara na Ukalimani katika Filamu ya Children of a Lesser God na Kazi za Baadaye za Marlee Matlin

1.0 Utangulizi

Filamu ya Children of a Lesser God, iliyoongozwa na Randa Haines na kutolewa nchini Marekani mwaka 1986, imezoeleka kusomwa kama hadithi ya mapenzi kati ya mwalimu anayesikia na mwanamke kiziwi. Usomaji huo una msingi wake, kwani msuko wa filamu unafuata hatua za kawaida za hadithi ya mapenzi: kukutana, kupendana, kukosana, kutengana na kurudiana. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba mgogoro mkuu wa filamu hii ni mgogoro wa lugha. Swali linaloiendesha ni hili: nani mwenye haki ya kuyasema maneno ya mwenzake, na kwa sauti ya nani? Filamu inaliuliza swali hilo kwa maudhui yake, kisha inalijibu kinyume kwa fani yake. Sarah Norman, mhusika mkuu wa kike, anakataa katakata kutumia sauti. Lakini takriban kila anachokisema kwa mikono kinamfikia mtazamaji kupitia kinywa cha James Leeds, mwalimu na mpenzi wake.

Nafasi ya Sarah iliigizwa na Marlee Matlin, kiziwi aliyezaliwa mwaka 1965 katika jimbo la Illinois na kupoteza uwezo wa kusikia akiwa na umri wa miezi 18. Tarehe 30 Machi 1987 alitunukiwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Alikuwa na umri wa miaka 21, na hakuna kiziwi aliyekuwa amepata tuzo ya Oscar ya uigizaji kabla yake. Kazi alizofanya baadaye, kwa kipindi kinachokaribia miaka 40, zimejadiliwa zaidi kama historia ya mtu aliyeshinda vikwazo. Hapa zitasomwa kwa namna nyingine, yaani kama jibu la hatua kwa hatua kwa tatizo la kifani ambalo filamu yake ya kwanza iliacha bila kulitatua.

Uhakiki huu unaitazama filamu kutoka mahali mahsusi: Mukurweini, kusini mwa Kaunti ya Nyeri, ambako mtazamaji huwa na Kikuyu nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani. Mahali hapa hapakuchaguliwa kwa ajili ya mapambo. Mtazamaji wa namna hii huwa na mambo mawili ambayo mtazamaji aliyekusudiwa na Hollywood hakuwa nayo. Kwanza, lugha zake mbili za Kiafrika zina kitenzi cha kusikia chenye maana pana kuliko cha Kiingereza. Pili, historia ya shule za eneo lake inamkumbusha adhabu iliyotolewa kwa kosa la kutumia lugha ya mama. Mambo hayo mawili yanamwezesha kuyaona katika filamu hii yale ambayo wahakiki wengi wameyapita.

2.0 Kusikia ni nini?

Katika Kiswahili, kusikia si kazi ya sikio pekee. Mtu husikia njaa, husikia baridi, husikia maumivu, husikia harufu. Katika Kikuyu pia kitenzi kũigua hubeba maana hizo: kũigua heho ni kusikia baridi, na kũigua ng'aragu ni kusikia njaa. Mwili mzima, basi, ni chombo cha kusikia. Mzungumzaji wa lugha hizi anapoambiwa kwamba mtu fulani hasikii, lugha yenyewe inampa nafasi ya kuuliza: hasikii nini?

Lakini lugha hiyo hiyo ina upande wake wa pili. Kusikia ni kutii. Mtoto msikivu ni mtoto mtiifu. Asiyesikia ni mkaidi. Methali zinasisitiza jambo hili: asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sikio la kufa halisikii dawa. Kwa mantiki ya methali hizi, kutosikia ni kosa la kimaadili ambalo adhabu yake iko njiani. Neno bubu nalo limepata maana za pembeni zisizo njema. Bandari bubu ni bandari isiyo rasmi, mahali pa kupitishia magendo. Asiyetoa sauti anawekwa karibu na asiyefuata sheria. Inafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba viziwi wenyewe hawakulikimbia jina lao: Chama cha Viziwi Tanzania, maarufu kama CHAVITA, kimelibeba neno kiziwi wazi katika jina lake, na makala haya yanafuata mfano huo.

Maana hizi mbili za kusikia, yaani kuhisi kwa mwili na kutii amri, ndizo zinazogongana katika filamu. James anamtaka Sarah asikie kwa maana ya pili: akubali mafunzo ya usemi, asome midomo, atoe sauti. Sarah anaishi katika maana ya kwanza. Mkasa mzima unatokana na mwalimu mwerevu na mwenye nia njema ambaye hawezi kutofautisha kiziwi na mkaidi.

3.0 Kutoka jukwaani hadi kwenye skrini

Filamu ilitokana na tamthilia ya Mark Medoff yenye jina hilo hilo. Tamthilia hiyo ilionyeshwa mjini Los Angeles mwaka 1979 na kufika Broadway, New York, mwaka 1980, ambako ilipata tuzo ya Tony ya tamthilia bora. Nafasi ya Sarah iliandikwa kwa ajili ya Phyllis Frelich, mwigizaji kiziwi, naye akapata Tony ya mwigizaji bora wa kike mwaka huo. Medoff aliweka sharti kwamba wahusika viziwi waigizwe na watu viziwi au wenye usikivu hafifu. Sharti hilo ni la kifani na la kisiasa kwa pamoja, kwani lugha ya ishara haiigizwi kwa kukariri miondoko. Ina sarufi yake, lafudhi zake na utani wake.

Jambo moja la muundo wa tamthilia linahitaji kuangaliwa kwa makini. Matukio yake yote yanatokea akilini mwa James. Kinachoonekana jukwaani ni kumbukumbu zake. Kwa hiyo James anaporudia kwa sauti maneno ya Sarah, kitendo hicho kina uhalali wa ndani: anakumbuka, na mwenye kukumbuka huyasema upya maneno ya wengine kwa ulimi wake. Hadhira inajua kwamba inampokea Sarah wa James, na inaweza kumtilia shaka msimulizi huyo. Zaidi ya hayo, jukwaani mwili mzima wa Sarah unabaki mbele ya hadhira tangu mwanzo wa sentensi hadi mwisho wake.

Filamu iliondoa kumbukumbu na kubakiza sauti. Matukio yanaonyeshwa kana kwamba yanatokea mbele ya kamera isiyo na upande, lakini maneno ya Sarah bado yanapita kwa James. Yale yaliyokuwa mtazamo wa mhusika mmoja sasa yanapewa sura ya ukweli. Aidha, tamthilia ilikuwa na mkondo wa mgogoro wa kisiasa, ambamo Orin, kiziwi aliyesomea katika shule hiyo, anailalamikia shule kwa kutoajiri walimu viziwi na kutafuta msaada wa mwanasheria. Filamu iliukata mkondo huo. Kwa kuukata, iligeuza suala la haki kuwa suala la ndoa, na ukaidi wa Sarah ukabaki peke yake, bila jumuiya ya kuufafanua.

4.0 Sauti ya James

Ukalimani wa James unafanya kazi gani katika filamu? Yapo majibu ya kiutendaji, na ni haki yatajwe. Mtazamaji anayesikia hakujua ishara. Maandishi ya chini ya skrini yangeyavuta macho yake mbali na mikono na uso. Aidha, William Hurt, aliyeigiza nafasi ya James, anaifanya kazi hiyo kwa ustadi: anasema maneno ya Sarah na wakati huo huo uso wake unaonyesha jinsi yanavyomchoma. Kuna raha ya kisanaa katika jambo hilo.

Hata hivyo, gharama yake inaonekana wazi katika onyesho ambalo Sarah anaeleza ujana wake: jinsi wavulana wanaosikia walivyomtumia kwa ajili ya mwili wake bila hata mmoja kujitahidi kuzungumza naye. Hayo ni maungamo mazito kuliko yote katika filamu. Aibu na hasira za mwanamke huyu zinatamkwa na mwanamume aliye mbele yake, tena mpenzi wake. Anaposita James, Sarah naye anaonekana kama aliyesita. Anapopaza sauti James, ndipo mtazamaji anapojua kwamba Sarah amekasirika. Kasi, mkazo na kituo, yaani vitu vinavyobeba hisia katika usimulizi wowote, vyote vimehamia kwake. Aliyemlaumu mwanamume kwa kutomsikiliza analazimika kumwazima mwanamume sauti ili lawama yake isikike.

Kamera nayo inashiriki. Katika picha za karibu, fremu mara nyingine hukata mikono na kubakiza uso. Kwa lugha ya mdomo hilo halina madhara, maana sauti huendelea kusikika nje ya fremu. Kwa lugha ya ishara ni sawa na kumziba msemaji kinywa katikati ya sentensi. Mtazamaji kiziwi anapoteza maneno ya Sarah pale mikono inapokatwa, na pasipo maandishi ya chini hana njia ya kuyapata maneno ya James. Filamu inayomhusu inampita. Kwa kiziwi wa Kenya tatizo ni maradufu, kwa sababu Lugha ya Ishara ya Kenya, ingawa imekopa baadhi ya alama kutoka ile ya Marekani, ni lugha nyingine.

Kuna mahali filamu inajikosoa yenyewe. Katika karamu ya viziwi, Sarah anachangamka miongoni mwa watu wa lugha yake, na James, pamoja na ujuzi wake wote wa ishara, anaachwa pembeni. Kwa dakika chache mtazamaji anayesikia anaonjeshwa hali ya kuwapo bila kuelewa. Onyesho hilo linathibitisha kwamba watengenezaji walijua njia nyingine ilikuwapo. Waliitumia mara moja na kuiacha.

5.0 Uigizaji wa Matlin

Mtazamaji wa Mukurweini ambaye Kiingereza cha haraka cha James kinampita sikioni hujikuta katika hali ya ajabu. Anapoacha kumfuata James, anabaki na Sarah. Hapo ndipo uzito wa uigizaji wa Matlin unapojitokeza. Ishara zake si za kiwango kimoja. Anapomdhihaki James, ni fupi na kali, zikifanywa karibu na kifua, na hukatizwa ghafla. Katika mapenzi zinalegea na kuenea. Kimya chake nacho kina aina zake: kuna kimya cha kupima mtu, kimya cha kumfungia mlango, na kimya cha kuchoka. Wahusika viziwi na bubu katika fasihi nyingi hupewa kimya kama pengo ambalo wengine hulijaza. Matlin anakipa kimya nguvu ya tendo. Sarah amekataa kusema, na kukataa ni kauli.

Wapo wahakiki waliodai wakati huo kwamba kiziwi anayeigiza kiziwi haigizi, bali anajionyesha tu. Hoja hiyo haina mashiko. Hakuna anayesema kwamba mwigizaji mwenye sauti anayeigiza mhusika mwenye sauti hakufanya kazi. Zaidi ya hayo, Sarah anakataa kusema kwa sauti, ilhali Matlin mwenyewe husema kwa sauti pale anapotaka. Mwaka 1988, alipopanda jukwaani kukabidhi tuzo katika sherehe za Oscar, alitamka maneno kwa kinywa chake, na baadhi ya viziwi walimlaumu vikali. Sherehe hizo zilifanyika Aprili, mwezi mmoja tu baada ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Gallaudet, Washington, kugoma hadi wakapata rais wa kwanza kiziwi katika historia ya chuo hicho. Ukali wa lawama unaeleweka katika muktadha huo. Lakini tukio lenyewe linaonyesha umbali uliokuwapo kati ya mwigizaji na mhusika, na umbali huo ndio sanaa ya uigizaji.

Maonyesho mawili yanahusu moja kwa moja suala la kusikia. Katika la kwanza Sarah anacheza ngoma hadharani. Mtetemo unampitia mwilini, na mwendo wake una mpangilio wake mwenyewe, wa polepole kuliko wa watu waliomzunguka. James anamtazama kama aliyeona kitu asichokijua. Katika la pili James anajaribu kustarehe kwa muziki wa Bach na kushindwa, kwa sababu Sarah hawezi kuufurahia pamoja naye. Sarah anamwomba amwonyeshe muziki huo. James anainua mikono, anaichezesha kidogo, kisha anaishusha. Kwa mtu ambaye lugha yake inamruhusu kusikia baridi na kusikia njaa, maonyesho haya mawili yanajibizana. La kwanza linamwonyesha Sarah akisikia. La pili linamwonyesha James asiyeweza kusikia isipokuwa kwa sikio. Filamu inalihuzunikia pengo la Sarah. Ushahidi wake yenyewe unaonyesha kwamba pengo ni la wote wawili.

Kilele ni pale James anapomshinikiza Sarah aseme, naye anapasuka kwa sauti isiyo na umbo la maneno. Ni onyesho la kutisha, na Matlin analibeba bila kujihurumia. Kimantiki, ndicho kipindi pekee ambacho sauti ya Sarah haikuazimwa. Lakini filamu imekitayarisha kionekane kama ushahidi wa kushindwa kwake, ilhali ni ushahidi wa kushindwa kwa njia ya James.

6.0 Shule kama makao ya lugha

Mtazamaji huulizwa mapema swali ambalo James hulirudia: kwa nini mwanamke mwerevu kama Sarah, aliyesoma katika shule hii, amebaki hapo akifanya kazi ya usafi? Jibu la filamu ni woga. Historia ya elimu inatoa jibu jingine.

Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, uliazimia kwamba usemi upewe nafasi ya kwanza na ishara ziondolewe madarasani. Athari za azimio hilo zilienea duniani na kudumu kwa takriban karne nzima. Ni mwaka 2010 tu, mjini Vancouver, ambapo mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi ulilikana na kuyajutia madhara yake. Kenya nayo ilipitia mkondo huo. Shule za kwanza za viziwi, kama zile za Mumias na Nyang'oma zilizoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, zilikuzwa katika kipindi ambacho mafunzo ya usemi ndiyo yaliyotawala. Katika Kaunti ya Nyeri kwenyewe ipo Shule ya Viziwi ya Tumutumu, karibu na Karatina.

Mzee wa Mukurweini aliyesoma zama za ukoloni anaielewa historia hii bila kufundishwa. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind, kitabu kilichochapishwa mwaka 1986, mwaka ule ule wa filamu hii, ameeleza jinsi mwanafunzi aliyekamatwa akisema Kikuyu shuleni alivyochapwa au kuvishwa kibao cha fedheha. Mikono ya mtoto kiziwi na ulimi wa mtoto Mkikuyu vilikutana na fimbo ya aina moja. Katika hali zote mbili mtoto aliambiwa kwamba lugha yake si lugha, na kwamba ubinadamu wake kamili ulikuwa ukimngoja katika lugha ya mwalimu.

Ulinganisho huu una mpaka, na mpaka huo ndio unaofumbua tabia ya Sarah. Mtoto Mkikuyu alirudi nyumbani jioni akakuta lugha yake jikoni kwa mama. Mtoto kiziwi wa wazazi wanaosikia, na walio wengi ni wa namna hiyo, nyumbani hakuwa na lugha. Lugha yake ilikuwa bwenini, baada ya taa kuzimwa madarasani, miongoni mwa watoto wenzake. Shule iliyoikataza lugha ya ishara ndiyo iliyokuwa makao yake. Akisomwa hivi, Sarah hajafichama shuleni kwa woga. Amebaki mahali pekee ambapo kuna watu wa kuzungumza nao. Uhusiano wake na mama yake, ulioigizwa kwa uchungu mkubwa na Piper Laurie, unathibitisha jambo hilo: nyumba ya mama ina upendo wenye majeraha, lakini haina mazungumzo ya kutosha. James anapomtoa shuleni na kumpeleka nyumbani kwake, anadhani anamfungulia ulimwengu. Kwa upande wa lugha, anampunguzia ulimwengu hadi ukabaki na msemaji mmoja, yaani yeye mwenyewe.

7.0 Kazi za baadaye

Baada ya tuzo, Matlin hakupata mfululizo wa nafasi kubwa za sinema ambao washindi wengine huutarajia. Alielekea zaidi kwenye televisheni. Katika Reasonable Doubts (1991–1993) aliigiza mwendesha mashtaka. Huo ulikuwa mwendo wa mbele kwa upande wa maudhui, kwani kazi ya mhusika ilikuwa sheria, na uziwi ulikuwa sifa mojawapo tu. Kifani, hata hivyo, bado mpelelezi mwanamume anayejua ishara, aliyeigizwa na Mark Harmon, alihitajika ili maneno yake yasikike.

Hatua muhimu zaidi ilikuja na The West Wing, ambamo kuanzia mwaka 2000 aliigiza nafasi ya Joey Lucas, mtaalamu wa kura za maoni. Joey ana mkalimani wake, Kenny, anayeandamana naye. Sauti bado ni ya mwanamume, lakini sasa imetenganishwa na mapenzi na imekuwa kazi. Mkalimani ana jina, ana mipaka, na haongezi maoni yake. Kichekesho hutokea pale wanasiasa wanapomwelekea Kenny na kumsahau Joey. Dhihaka inamwangukia anayesikia asiyejua amtazame nani. Tatizo lililofichwa katika filamu ya mwaka 1986 limewekwa mezani.

Katika Switched at Birth (2011–2017) kundi zima la wahusika viziwi lilizungumza kwa ishara na maneno yao yakaandikwa chini ya skrini. Kipindi kimoja cha mwaka 2013 kilifanyika karibu chote kwa ishara, kikisimulia wanafunzi wanaopigania shule yao isifungwe. Mkondo wa Orin, uliokatwa mwaka 1986, ulikuwa umerudi kwa mlango mwingine. Mwaka 2015 Matlin alipanda jukwaa la Broadway katika Spring Awakening, igizo la muziki lililotolewa na kundi la Deaf West kwa ishara na sauti kwa pamoja.

Kazi inayojibizana waziwazi zaidi na filamu ya kwanza ni CODA, iliyoongozwa na Sian Heder na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2021. Chimbuko lake ni filamu ya Kifaransa, La Famille Bélier (2014), ambamo wazazi viziwi waliigizwa na watu wanaosikia. Katika matayarisho ya CODA, Matlin aliweka wazi kwamba angejitoa iwapo wanafamilia wengine viziwi wangeigizwa na watu wanaosikia. Mume wake katika filamu akaigizwa na Troy Kotsur, kiziwi, ambaye mwaka 2022 alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi bora. CODA yenyewe ilitunukiwa kuwa filamu bora ya mwaka. Sharti la Medoff la tamthilia ya 1979, basi, lilitetewa upya na mwigizaji aliyefaidika nalo.

Kifani, CODA inayaandika maneno ya ishara chini ya skrini na kuwaachia waigizaji kasi na mkazo wao. Ukalimani haujaondolewa. Umegeuzwa kuwa dhamira, kwa kuwa binti Ruby, peke yake anayesikia katika familia, amechoka kuwa sauti ya wazazi wake sokoni na hospitalini. Maonyesho mawili yanalikamilisha lile la Bach. Katika tamasha la shule sauti ya filamu inazimwa, na mtazamaji anaachwa katika kimya cha wazazi, akitafuta pamoja nao maana ya wimbo katika nyuso za watu. Baadaye baba anaweka mikono shingoni mwa binti yake ili ausikie wimbo. Neno kusikia hapa halihitaji alama za mtajo. Kwa Kiswahili ndilo neno hasa. Kisha, katika majaribio ya kujiunga na chuo cha muziki, Ruby anaimba na kuashiria kwa wakati mmoja. Mikono ambayo James aliishusha imeinuliwa tena na kuendelea hadi mwisho wa wimbo.

CODA haikosi udhaifu. Mhusika mkuu bado ni anayesikia, na thamani kuu bado ni muziki, yaani kitu ambacho hadhira inayosikia tayari inakithamini. Kwa maana hiyo inamsogeza mtazamaji hatua chache tu. Filamu ya tawasifu, Marlee Matlin: Not Alone Anymore, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Januari 2025 na kuongozwa na Shoshannah Stern, ambaye ni kiziwi, inasogea zaidi: muulizaji na muulizwa wanazungumza kwa lugha moja. Mbele ya swali la makala haya, jambo hilo ni kubwa kuliko tuzo. Sarah Norman hakuwahi kuulizwa chochote na mtu wa lugha yake kamera ikiwa imetulia.

8.0 Hitimisho

Hoja zilizotolewa zinawahusu wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya kinadharia. Vitabu vingi vya kiada hufasili fasihi simulizi kuwa sanaa ya lugha itolewayo kwa mdomo, na huhesabu miondoko ya mikono na uso wa fanani kama nyongeza inayoipamba sauti. Kwa fasili hiyo, ngano inayosimuliwa kwa Lugha ya Ishara ya Kenya katika bweni la Tumutumu si fasihi simulizi, wala si fasihi andishi, haina makao. Hata istilahi maigizo bubu, itumiwayo kwa uigizaji usio na maneno, huweza kumpotosha mhakiki akaliita bubu igizo lililojaa maneno ambayo yeye hayajui. Fasili yenye kutegemea uwasilishaji wa ana kwa ana, fanani na hadhira, badala ya mdomo, ingeondoa kasoro hiyo bila kupoteza chochote.

Ya pili ni ya kiutendaji. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka serikali kuendeleza Lugha ya Ishara ya Kenya, na inaitambua kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kabla ya hapo, sheria ya mwaka 2003 kuhusu watu wenye ulemavu ilivitaka vituo vya televisheni kuweka mkalimani wa ishara au maandishi katika taarifa za habari. Hayo ni mafanikio. Lakini mkalimani aliye katika kisanduku pembeni mwa skrini anampelekea kiziwi maneno ya wengine. Hayaleti maneno ya kiziwi kwa wengine. Shule za viziwi hushiriki katika tamasha za kitaifa za drama, na huko ndiko kunakopatikana malighafi ya tamthilia ambayo lugha yake ya msingi ni ishara, na ambayo anayesikia ndiye atakayelazimika kusoma tafsiri.

Children of a Lesser God itabaki kuwa filamu muhimu kwa sababu ya mwigizaji aliyeizidi. Iliamini kwamba kiziwi anahitaji sauti, ikamwazima ya mwanamume. Kazi zilizofuata zimeonyesha kwamba alichohitaji ni fremu isiyomkata mikono, maandishi ya chini, na mtu wa kuzungumza naye. Wahakiki wa Kiswahili wanayo tayari lugha ambayo kusikia kwake hakuishii sikioni. Iliyobaki ni kuitumia lugha hiyo katika uhakiki wao.